Kikundi kikivunjika, kalamu ifanye nini?



Wiki hii naomba tuzungumze juu ya watu ambao hawatajwi sana katika habari, nao ni wale waliokuwa wakiandika kisha wakaacha. Sisemi waandishi wa habari, maana sisi tukiacha kuandika tunafukuzwa kazi. Nawasema watunzi: mtu aliyekuwa akituma shairi lake gazetini kila mwezi, mwalimu mwenye hadithi iliyofika nusu katika daftari, karani aliyetunga mchezo wa kuigiza ukachezwa na vijana wa mtaa wake. Mji wetu huu una watu wa namna hiyo wengi kuliko tunavyodhani. Ukikaa nao wakakuzoea, watakwambia, "Zamani nilikuwa naandika." Ukiwauliza kilichowapata, wengi watajibu kwamba hamu imewaisha.

Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na kila ninapolichimba nakuta chini yake kuna habari nyingine. Palikuwa na watu. Palikuwa na kikundi, au ukurasa wa mashairi, au kijiwe cha marafiki watatu waliosomeana kazi zao. Kisha watu wale wakatawanyika, na baada yao ndipo hamu ikaondoka. Kwa hiyo mtu analaumu hamu, anajilaumu na yeye mwenyewe, wakati kilichopotea kwanza ni wenzake. Nasema hivi kwa sababu mwenye kutafuta kitu asichokipoteza hatakipata. Akitafuta hamu atangoja miaka. Akijua kwamba amepotelewa na watu, na akajua watu wale walikuwa wakimfanyia kazi gani, ataweza kuanza kutafuta kinachotafutika.

Sasa basi, kikundi cha watunzi kina kazi gani? Watu wa nje hudhani ni mahali pa kusifiana. Ingekuwa hivyo, kisingedumu miezi miwili. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na mimi naona kikundi kizuri kinampa mtunzi mafiga matatu.

Figa la kwanza ni siku. Jumamosi saa nne wenzako watakuwa wamekaa na zamu ya kusoma ni yako. Ijumaa usiku, umechoka, umeme umekatika, watoto wanalia, lakini utaandika kwa mwanga wa simu kwa sababu kesho ni Jumamosi. Figa la pili ni mtu anayesubiri. Huyu si "umma", wala si "wasomaji kwa ujumla", bali ni mtu mwenye jina na sura, ambaye wiki iliyopita alisikia sura ya tatu na anataka kujua ya nne. Figa la tatu ni jibu. Ukimaliza kusoma, mmoja atasema hapa sikukuelewa, mwingine atasema mwanamke wa Tanga hawezi kumjibu mkwewe maneno hayo, na wa tatu wiki ijayo ataleta shairi lake la kulipinga shairi lako.

Katika fasihi yetu ya Kiswahili jambo hili lina mizizi mirefu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama, malenga wa miji hiyo miwili walirushiana mashairi, na jina la Muyaka bin Haji wa Mombasa limetufikia mpaka leo kutokana na zama hizo za majibizano. Gazeti la Mambo Leo lilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuja kuwa uwanja wa watunzi waliokuwa mamia ya maili mbali mbali. Huyu yuko Tanga, yule yuko bara, na wote wanasomana. Mathias Mnyampala, mmoja wa vigogo wa chama cha UKUTA, aliueneza mtindo wa ngonjera, ambao kwa asili yake ni watu kusemezana. Magazeti yaliyofuata nayo yakaendeleza kurasa za mashairi, na redio ikawa na vipindi vyake. Wale wa umri wangu wanazikumbuka bahasha zilizofika kituoni zikiwa na shairi ndani, jina la mtunzi, lakabu yake, na sanduku lake la posta. Mtunzi wa Songea alimjibu mtunzi wa Mwanza na hawajapata kuonana. Jambo hili tuliliita burudani, lakini lilikuwa zaidi ya burudani. Ulikuwa ni mtambo uliowafanya watu waandike. Siku ilikuwapo, mtu wa kusubiri alikuwapo, na jibu lilikuwapo.

Makundi haya hufaje? Watu hudhani hufa kwa ugomvi. Yapo yanayokufa hivyo, lakini mengi hufa kimya kimya. Mhariri aliyependa mashairi anastaafu, na ukurasa wake unachukuliwa na matangazo. Mwenye nyumba anaitaka baraza yake aiweke duka. Mtu anahamishwa kikazi, mwingine anapata mapacha, wa tatu anafariki.

Niliwahi kuwa katika kikundi kama hicho. Tulikuwa watu kumi na wanne na tulikutana katika darasa moja la shule ya msingi, tukikalia madawati ya watoto, magoti yakigusa vidari. Palikuwa na muuguzi, walimu wawili, makarani wa wizara, kondakta wa daladala, fundi cherehani, mimi wa redio, na mzee mmoja mstaafu wa bandari ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti bila ya kupigiwa kura. Mzee yule alikuwa na sheria moja tu, kwamba asiyeleta kazi yake hana ruhusa ya kukosoa ya mwenzake. Tulidumu hivyo kwa miaka minane.

Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamia Dodoma, jambo lililosubiriwa tangu uamuzi wa mwaka 1973, na kwa nchi lilikuwa jambo kubwa. Kwetu sisi maana yake ilikuwa kwamba makarani wetu wanne walifunga mizigo. Mwaka uliofuata mzee wetu alifariki. Mwalimu mkuu aliyetupa ufunguo wa darasa alihamishwa. Jumamosi ya mwisho tulikuja watatu, tukanywa chai, tukazungumzia bei ya mchele, na hakuna aliyefungua daftari. Hatukugombana na mtu. Mwenzetu mmoja akafungua kikundi cha WhatsApp ili tusipoteane, na kwa nia njema kabisa. Baada ya mwezi kikundi kile kilikuwa cha taarifa za misiba, michango ya harusi na vichekesho vilivyokwisha kuzunguka nchi nzima. Ukiweka hapo shairi, unaletewa picha ya dole gumba. Dole gumba ni adabu njema, lakini si jibu.

Miaka minne niliikaa hivyo bila ya kuandika hadithi. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo lilipo fundisho. Katika miaka hiyo minne sikuacha kuandika hata siku moja. Kila siku ya kazi niliandika habari, maelezo, utangulizi wa vipindi, na mazungumzo haya ya kila wiki. Saa kumi jioni mhariri alikuwa anasubiri, na saa kumi jioni kurasa zilikuwa mezani kwake. Kwa hiyo maneno hayakuwa yamenikauka, na uvivu haukuwa umeniingia. Kalamu yangu ilifanya kazi kila mahali palipokuwa na mtu anayesubiri, na ililala mahali pale tu ambapo hapakuwa na mtu. Wewe msikilizaji unayesema huna tena kipaji, jipime kwa kipimo hicho. Unaandika barua za ofisi? Unamwandikia ndugu yako aliye ng'ambo ujumbe mrefu wenye visa na vichekesho? Kama ndiyo, basi kipaji kipo, na kinachokosekana ni mtu wa kukisubiri.

Wapo watakaopinga. Watasema mwandishi wa kweli huandika hata akiwa peke yake kisiwani, na anayehitaji wenzake si mwandishi. Hoja hii ina heshima yake, na wanaoitoa hupenda kutaja waandishi walioandika gerezani. Vyema, tuwaangalie hao hao.

Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, alikamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa sababu ya waraka wake uliouliza Kenya inakwenda wapi, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Huyu ni mtu aliyetoka katika ukoo wa washairi. Kaka yake Ahmad Nassir alikuwa mshairi mwenye jina, na mji wao ulikuwa mji wa kusemezana kwa beti. Ghafla akawekwa peke yake. Mashairi aliyoyatunga kwa siri katika kifungo hicho yalitoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Sasa, mojawapo ya mashairi mashuhuri ya diwani hiyo ni lile la mnazi. Ndani yake ndugu wawili wanaugombania mnazi, huyu anasema na yule anajibu, beti kwa beti. Tafakarini jambo hilo. Mtu aliyenyimwa wa kusema naye alikaa akatunga majibizano. Kama kuandika kungekuwa kazi isiyohitaji mwenzi, asingekuwa na haja ya kuwaweka watu wawili ndani ya shairi lake na kuwaachia wazozane.

Mwingine ni Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwezi Mei mwaka 2025. Wengi tunamjua kwa vitabu, lakini katika maisha yake kuna kikundi ambacho hakisahauliki, nacho ni kituo cha elimu na utamaduni cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru. Hapo yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walitunga na wanakijiji mchezo wa Ngaahika Ndeenda. Wakulima na vibarua hawakuja kutazama tu. Walisomewa maandishi, wakasahihisha lugha, wakasema mzee haongei hivi, wakajenga jukwaa kwa mikono yao. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi Oktoba 1977. Mwezi Novemba Serikali ya Kenya ikaupiga marufuku, na siku ya mwisho ya mwaka huo Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila ya kufikishwa mahakamani.

Huko Kamiti, mtu huyu aliyenyang'anywa kikundi chake alianza kuandika riwaya kwenye karatasi za chooni, tena kwa Kigĩkũyũ, wakati riwaya zake zote zilizotangulia alikuwa ameziandika kwa Kiingereza. Aliandika kwa lugha ya watu gani? Ya wale wale wa Kamĩrĩĩthũ. Miili yao haikuwa pamoja naye, lakini aliwaandikia wao. Na kitabu kilipotoka mwaka 1980, kile ambacho sisi tulikipata kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani, watu walikisoma kwa sauti majumbani jioni, na Ngũgĩ mwenyewe ameeleza jinsi kilivyosomwa katika baa, ambako msomaji alifika penye utamu akanyamaza mpaka ajaziwe glasi. Jukwaa la Kamĩrĩĩthũ lilibomolewa na dola mwaka 1982, na Ngũgĩ akaishi uhamishoni. Hata huko Marekani, mwaka 1994, alianzisha jarida la Kigĩkũyũ liitwalo Mũtĩiri. Hakukaa akalilia jukwaa lililobomolewa. Alilijenga kwa umbo jingine, dogo zaidi, mahali alipokuwapo.

Wa tatu hakufungwa, lakini mfano wake ndio ulio karibu zaidi na maisha ya wengi wetu. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali. Aliingia idara ya forodha mwaka 1926, akapelekwa huku na huko, na katika miaka ya arobaini akajikuta Mpwapwa, mbali na pwani yake na watu wake. Uhamisho ule ule unaowachukua makarani wetu leo ulimchukua na yeye. Lakini huyu bwana alikuwa na desturi moja. Alimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge, tena kwa muda mrefu sana. Barua hizo zimekusanywa katika kitabu kilichotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002, na zinaanzia mwaka 1931 hadi 1958. Miaka ishirini na saba! Vyeo vilibadilika, vituo vilibadilika, wakoloni waliingia na kutoka ofisini, lakini alikuwapo ndugu mmoja anayesubiri barua na atakayeijibu. Sisemi kwamba Shaaban Robert amekuwa Shaaban Robert kwa sababu ya barua. Nasema kwamba hata mtu wa kimo chake hakuishi bila ya msomaji mmoja wa uhakika.

Kwa hiyo hao tunaoambiwa waliandika peke yao hawakuwa peke yao kwa maana tunayoidhani. Kila mmoja alijua anamwandikia nani. Nguvu zao zilikuwa kubwa kuliko zetu, hilo halina ubishi, na ndiyo maana waliweza kumshika msomaji wao moyoni katika chumba cha gereza. Sisi wa kawaida tunahitaji amsukume mlango aingie.

Kwangu mimi aliingia kwa njia ya kawaida kabisa. Nilikuwa napita Kariakoo, nikaitwa jina kutoka barazani. Alikuwa ni yule fundi cherehani wetu. Tulijuliana hali, tukaulizana habari za wenzetu, kisha akaniambia, "Kaka, nimekuwa nataka kukuuliza siku nyingi. Yule mzee wako wa kwenye treni alishuka Itigi au alifika Kigoma?"

Nilikuwa nimemwacha mzee huyo katika behewa la daraja la tatu la reli ya kati, baina ya Saranda na Manyoni, na sanduku la marehemu mdogo wake miguuni, tangu Jumamosi moja ya mwaka 2017. Mimi nilikuwa nimekwisha mwondoa katika mawazo yangu. Dada huyu, ambaye kila siku anapima mabega na viuno vya watu, alikuwa amembeba miaka minne. Nikamwambia, "Dada, nipe mpaka Jumamosi nitakujibu."

Usiku huo niliandika ukurasa mmoja na nusu. Jumamosi nikamsomea huku anakanyaga cherehani. Nilipofika mahali mzee anamwachia kijana asiyemjua alinde sanduku ili yeye akanunue kuku wa kuchoma dirishani, fundi alisimamisha mguu. Akasema, "Hapana. Mzee wa namna hiyo hamwachii mtu sanduku la maiti wake. Angekaa na njaa." Alikuwa na haki, na nilirudi nyumbani nikaandika njaa ya mzee, ambayo ndiyo ikawa sehemu bora ya hadithi nzima. Hadithi ikaisha baada ya miezi mitano. Leo tunakutana watu wanne pale barazani, na kama mteja amekuja kuchukua gauni lake, anasubiri mpaka aya iishe.

Sasa niseme machache ya kufaa, kwa yeyote ambaye amebaki na daftari lakini hana kikundi.

La kwanza, mliokwisha kutawanyika, lizikeni kundi lenu kwa heshima. Mtu akifa tunamfanyia arobaini, na baada ya hapo maisha yanaruhusiwa kuendelea. Kikundi kikifa hakifanyiwi lolote, kwa hiyo kila mmoja anabaki akidhani labda mwezi ujao kitafufuka, na kwa sababu anakingoja hicho hajengi kingine. Pigianeni simu. Kutaneni mara moja, hata kama ni wawili. Someni kazi ya yule aliyetangulia mbele ya haki. Mzee wetu wa bandari ameacha madaftari manane ya tenzi kwa mwanawe, na mtu wa kuyasoma akikosekana, siku moja yatafungia karanga. Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa ya jambo hili. Kikundi kikifa si wanachama tu wanaokosa raha ya Jumamosi. Kuna habari za bandari, za wodi na za daladala ambazo hazitaandikwa na mtu mwingine yeyote, kwa sababu aliyezijua hakuwa na wa kumwambia.

La pili, msitafute watu kumi na wanne. Tafuta mmoja. Na huyo mmoja si lazima awe mtunzi, wala msomi. Awe na kumbukumbu, na awe na ujasiri wa kukwambia hapana. Mkeo au mumeo anaweza kufaa, ingawa uzoefu unaonyesha kwamba wenzi wa ndoa ama husifu kila kitu ama hulala ukiwa ukurasa wa pili.

La tatu, mpe huyo mtu siku. Ahadi ya "nikimaliza nitakuletea" haina maana, kwa kuwa haina tarehe. Sema Jumamosi, kisha peleka kilichopo, hata kama ni nusu ukurasa. Mashindano nayo husaidia kwa upande huu. Tunayo siku hizi Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, na siku ya mwisho ya kupokea miswada imewaamsha wengi waliolala. Lakini shindano linakupa tarehe tu. Usiposhinda, hupati jibu, na mtunzi anayetegemea mashindano peke yake huandika mara moja kwa mwaka na kununa miezi iliyobaki.

La nne, kama huwezi kuandika, anza kwa kumjibu mwenzako. Hii ndiyo dawa niliyoiona ikiwafaa wengi. Mtafute mtu anayeandika sasa, kijana wa mtaani, mwanafunzi, mtu wa kanisani au msikitini kwako, msikilize kazi yake na umpe jibu la kweli. Utakapomweleza kwa nini mwisho wa hadithi yake haukutosheleza, utajikuta umekwisha anza kutunga mwisho mwingine. Washairi wa zamani walilijua hili. Wengi hawakuanza shairi kwa sababu walikuwa na la kusema, walilianza kwa sababu kuna mtu alikuwa amesema.

Na la tano ni kwa wale wenye nafasi: wahariri, wakuu wa shule, wakutubi, na sisi wa redio. Gharama ya kikundi cha watunzi ni ufunguo wa chumba kimoja mara moja kwa wiki. Wenzetu wa Kampala, wanawake waandishi waliounda FEMRITE mwaka 1995, walianza kwa kuwa na mahali pa kukutana na kusomeana, na kutoka hapo vimetoka vitabu vinavyosomwa nje ya Uganda. Madarasa yetu Jumamosi yana popo na vumbi. Maktaba zetu zina viti. Mwalimu mkuu akimpa mtu ufunguo hajui anachokifungua, na akiuchukua hajui anachokifunga, kwa hiyo naomba aulize kabla ya kuuchukua.

Ndugu wasikilizaji, muda wangu unakwisha. Kama kuna mtu ambaye zamani alikusomea kitu na hakukimaliza, namba yake bado unayo. Mpigie leo, na usimuulize kwa nini aliacha kuandika, maana hilo litamfanya ajitetee. Muulize yule mtu wa kwenye hadithi yake alifika au hakufika.

Panapo majaliwa tutakutana tena wiki ijayo, siku kama ya leo na saa kama hii. Kwaherini.